Hedifoni, Korona na Sikio la Kulia la Babu

Najua nimepotea sana hapa ukurasani. Mitihani ilinibana kwenye vimbweta usiku na mchana, halafu likizo ikaja, nikakimbilia nyumbani Hale ambako bando lilikuwa la kuokoteza. Sasa nimerudi Mlimani, na tangu nirudi swali ni moja tu kila nikipita: "Oya, hayo madude ya masikioni ni bei gani?" Nikitaja bei, mtu anakaa chini. Mmoja wa room ya jirani alifika mbali zaidi, akaniuliza kama boom langu linatoka bodi moja na lake.

Basi nieleze mara moja, nisirudie. Ni hedifoni za Beyerdynamic, DT 770 Pro, zile za omu 80. Na jinsi nilivyozichagua ni hadithi ndefu kidogo, kwa hiyo kama una lecture saa hizi, nenda kwanza.

Mwaka mzima nilikuwa nafanya kazi ya kurekodi kwaya wikiendi, mimi na mshikaji wangu mmoja mwenye kistudio Sinza. Kwaya zinalipa kidogo kidogo, mara elfu 30, mara 50, mara unapewa pilau na asante. Nikaweka, nikaweka, ikafika laki 9. Lengo lilikuwa moja tangu mwanzo: hedifoni za maana. Wanaonijua wanajua ugonjwa wangu ni muziki wa kukaa na kusikiliza. Taarabu asilia, kwaya za sauti nne, Bach, Mozart, na gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Singeli pia, msinitazame hivyo. Na nilikuwa nasikiliza vyote hivyo kwa earphone za buku tano ambazo upande mmoja hufa kila baada ya wiki tatu.

Nilianzia Kariakoo, kama kila mtu. Pale utaambiwa kila kitu ni original. Kijana mmoja alinitolea Sony MDR-7506, ambazo ni hedifoni za studio zilizotoka mwaka 1991 na bado zinatengenezwa, watu wa redio na filamu dunia nzima wanazitumia. Huko nje bei yake ni dola 100 hivi. Yeye akasema elfu 45. "Kaka, hii grade one, usiogope." Nikaziinua, nyepesi kama sahani ya plastiki, maandishi ya boksi yana herufi imerukwa. Nikamwambia nitarudi. Si kwamba Kariakoo hakuna kitu halali, kipo, ila lazima uwe umewahi kushika chenyewe halisi kabla hujaenda, la sivyo huna cha kulinganisha.

Kushika chenyewe halisi nilisaidiwa na mzee mmoja wa Upanga, mkusanyaji wa santuri, tuliyekutana naye kwenye shughuli ya kwaya. Nyumba yake imejaa santuri mpaka chini ya kitanda. Ana Sennheiser HD 600, modeli ya mwaka 1997, ambayo kwa watu wa muziki wa klasiki ni kama kipimo: wakitaka kusifu hedifoni nyingine, wanailinganisha na ile. Mzee akaniketisha, akaniwekea Glenn Gould akipiga Goldberg Variations za Bach, rekodi ya 1981. Ile nilikuwa naifahamu vizuri, au nilidhani. Yaani wadau, nikamsikia jamaa anaguna! Gould alikuwa na tabia ya kuimba-imba huku akipiga piano, mafundi wa rekodi wakashindwa kumzuia. Kwa earphone zangu za buku tano nilikuwa nikidhani ni mkwaruzo wa faili.

Siri ya HD 600 ni kwamba ziko wazi kwa nyuma. Hazijazibwa kwa plastiki, ni wavu tu. Sauti inapumua, haigongi ukuta na kurudi sikioni, kwa hiyo unasikia vyombo vimekaa mbali mbali kama ukumbini. Sennheiser ndio walioanza kuuza aina hiyo, mwaka 1968, kwa modeli ya HD 414. Ubaya wake, uwazi ni wa pande mbili. Unachosikiliza kinasikika na jirani, na anachofanya jirani unakisikia wewe. Sasa fikiria hosteli zetu. Huyu anapiga singeli, yule anagombana na demu wake kwa simu, wa tatu anakaanga chipsi kwa heater kinyume cha sheria. Hapo Bach atapona kweli?

Na kuna habari ya omu. Kwa kifupi, omu ni ukinzani wa hedifoni dhidi ya umeme wa sauti. HD 600 zina omu 300. Simu au kile kiadapta kidogo cha USB kinatoa volti chache sana, kwa hiyo zitalia, lakini kwa sauti ya mgonjwa, na ile minong'ono na milipuko ya okestra haitafika kote inakotakiwa kufika. Unahitaji amplifaya ya pembeni. Ukijumlisha hedifoni na amplifaya ya kawaida tu, laki 9 yangu inakwisha na deni juu. DT 770 zipo za omu 32, 80 na 250. Hizi za 80 zinakubali kiadapta cha kawaida bila kuombwa, na zimefunikwa nyuma. Hizo ndizo mshikaji wa Sinza anazotumia studio. Akaniambia, "Chukua hizi zangu uende nazo likizo, ukirudi utajua unataka nini."

Ndivyo zilivyofika Hale.

Kwa wasioijua Hale: ukitoka Dar kwenda Tanga, ukipita njia panda ya Segera, hujafika Muheza, hapo ndipo. Wilaya ya Korogwe. Mto Pangani unapita, na kituo cha umeme wa maji kilianza kazi mwaka 1964, uwezo wake megawati 21, kwa hiyo baadhi yenu mliosoma kwa taa miaka hiyo mnatudai shukrani, au sisi tunawadai, sijui. Kilichobaki ni mkonge. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukaota Tanga nzima, na ukoo wetu umeula na kuulia jasho tangu babu wa babu.

Babu yangu mzaa mama alifanya kazi korona zaidi ya miaka 20. Msicheke. Kwetu korona ilikuwa mashine kabla haijawa ugonjwa. Ni ile mashine kubwa ya kukwangua majani ya mkonge: majani yanaingia upande huu, magurudumu yenye vyuma yanayaponda na kuyakwangua huku maji yanamiminika, nyuzi nyeupe zinatokea upande wa pili. Katika kilo 100 za majani unapata nyuzi kilo 4 hivi, zote zilizobaki ni takataka na maji machafu ya kijani. Na kelele. Babu anasema ukitaka kuongea na mwenzako unamshika bega kwanza, halafu unamwonyesha mdomo. Walikuwa wanajaza pamba masikioni, siku ambazo pamba ipo. Yeye alisimama miaka yote sehemu moja, upande wa kulia kwake ndio mashine.

Huyo babu ndiye aliyenifundisha muziki. Jumapili alikuwa mwimba besi kanisani, wale wa zamani waliosoma kwa solfa, do re mi, hakuna kinanda. Haleluya ya Handel anaijua sehemu yake yote kwa kichwa. (Handel aliandika Messiah nzima kwa siku 24 tu, mwaka 1741. Mimi tafiti yangu ya kurasa 50 ina mwaka wa pili sasa.) Siku sita zilizobaki babu alikuwa mtu wa redio. Tanga ya ujana wake ilikuwa mji wa muziki haswa: Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, na taarabu ya Black Star na Lucky Star, ambayo waliitia gitaa la umeme na besi ikachangamka tofauti na ya Unguja. Shakila akiimba, babu anazima jiko ili asikilize.

Lakini miaka ya karibuni babu alikuwa na maneno yake. Muziki wa siku hizi una mapengo, anasema. "Mnapiga nusu nusu. Zamani wimbo ulikuwa umekamilika." Sisi wajukuu tulizoea kumtania, si unajua wazee na zamani zao. Hata taarabu mpya nzuri iliyorekodiwa vizuri, atasikiliza dakika mbili na kusema, "Wamesahau kupiga fidla."

Sasa siku ya tatu ya likizo nilikuwa nimekaa barazani na DT 770, namsikiliza Culture Musical Club wa Zanzibar, hawa ni kikundi cha tangu 1958. Nina faili nzuri za FLAC za CD yao. Hapa niweke neno dogo kwa wale wa "nitumie wimbo WhatsApp": CD ina biti 1,411,200 kwa sekunde. MP3 ya kawaida ya kurushiana ina 128,000. Zile nyingine zimetupwa, kompyuta imekisia kwamba sikio lako halitazikumbuka. Mara nyingi inakisia vizuri. Ila ukinunua hedifoni ya laki 4 kusikilizia faili iliyopita simu 11, ni kama kuvaa miwani mpya kutazama picha ya fotokopi.

Babu akatoka ndani. "Shikamoo babu." "Marahaba. Hayo ni ya rubani?" Nikamvalisha. Nikaongeza sauti kidogo. Akasikiliza kwa uso wa mtu anayeonja mchuzi. Baada ya muda akanipa hukumu yake ya siku zote: akordioni anaisikia, ngoma anazisikia, mwimbaji anamsikia. "Fidla hawakupiga."

Wakati kwenye rekodi hiyo fidla ni nyingi, zimejaa upande wa kulia tele!

Nikavua hedifoni, nikazivaa mimi, fidla hizi hapa. Nikamrudishia, na sijui ni nini kilinituma, nikazigeuza: la kulia likakaa kushoto. Wadau, babu alinyanyuka kwenye kiti. "Ehee! Sasa wamekuja!" Akatulia. Halafu akakunja uso. "Mwenye akordioni kaenda wapi?"

Nilikaa pale nikiwa naangalia mikono yake inavyopiga mapigo kwenye paja, na vipande vikaanza kujipanga kimoja kimoja. Santuri na kanda za zamani alizokulia nazo, zile za Radio Tanzania, zilikuwa mono. Mono maana yake sauti zote ni moja, kushoto na kulia ni kitu kile kile. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928 hapakuwa na kushoto wala kulia. Kwa hiyo kwa muziki wa zamani sikio lake la kushoto linapata wimbo mzima na halihitaji msaada. Muziki wa stereo unagawa vyombo, huyu huku, yule kule. Na sikio lake la kulia lilibaki korona. Mzee alikuwa anasema kweli tupu. Kwake yeye wimbo wa siku hizi unafika ukiwa na mapengo.

Basi nikaingia kwenye simu, kwenye mipangilio ya ufikivu, kuna kitufe cha sauti ya mono. Simu nyingi za Android zinacho, na iPhone pia, na kando yake kuna kimstari cha kupeleka uzito wa sauti kushoto au kulia. Nikawasha mono. Sikumwambia kitu. Nikarudisha wimbo mwanzo.

Hakusema neno mpaka wimbo ukaisha. Alisema tu, "Weka mwingine."

Tulikaa pale mpaka giza. Shakila, Atomic, halafu Mozart, ambaye alimwita "yule wa haraka". Nikagundua na jambo la pili. Mimi DT 770 zina kitu kimoja kinanikera, sauti zake za juu ni kali, herufi "s" ya mwimbaji wakati mwingine inachoma kama sindano. Watu wengi wanazilalamikia hivyo. Babu hakuona ukali wowote. Alisema maneno yanasikika. Masikio yaliyoumizwa na kelele huanza kupoteza sauti za juu, hasa kuzunguka hezi 4,000, na huko ndiko zinakokaa konsonanti: s, f, t, sh. Irabu ziko chini, zinabaki. Ndiyo maana ukimwambia babu "lete kisu" anaweza kuleta kitu chochote chenye "i" na "u". Kile kinachonichoma mimi ndicho alichokuwa amekikosa.

Hapo hapo lakini nikaogopa. Maana alianza kunitaka niongeze. Ongeza, ongeza kidogo. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa vifaa vya kusikilizia ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukipanda desibeli 3 muda unakatika nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Sikio lililoumia halina kinga, kile kilichobaki kinaweza kwenda pia. Hedifoni si dawa. Nikamwekea kikomo cha sauti kwenye simu, akanuna, nikamwacha anune.

Sasa ndiyo hesabu. Nina laki 9. HD 600 na amplifaya zinakula zote. Na nisidanganye mtu, bado nazitamani, kwa piano na kwa sauti ya mtu sijasikia kitu kama kile cha Upanga. DT 770 zina besi nyingi kuliko ukweli, na okestra ndani yake inakaa chumbani, si ukumbini. Lakini zinaziba kelele za hosteli. Pedi zake ni za kitambaa cha mahameli, na kwa joto la Tanga na jasho la Dar hilo ni jambo kubwa, zile za ngozi bandia zinabambuka kama embe bovu. Pedi zikichakaa zinauzwa peke yake. Kasoro: waya wake hauchomoki, ukikatika ni kazi ya fundi mwenye soldering. Nikalala siku mbili na hiyo hesabu. Mama hakuniambia nifanye nini. Aliniuliza tu, "Hospitali wanapima masikio kwa shilingi ngapi?"

Nikampigia binamu yangu anayefanya kazi Dubai, akanunua DT 770 mpya huko na kuzileta alipokuja harusini. Pamoja na kiadapta, jumla 460,000. Zilizobaki tukapanda basi, mimi na babu, mpaka Tanga mjini.

Kupimwa masikio, kama hujawahi kuona, ni kama kazi ya studio. Wanakuweka kwenye chumba kisichopitisha sauti, wanakuvalisha hedifoni (babu akanigeukia: "Zako bora"), halafu wanapiga mlio mmoja mmoja kuanzia wa chini mpaka hezi 8,000, na wewe unabonyeza kitufe ukisikia. Mchoro wake ulipotoka, mstari wa sikio la kulia unatembea vizuri, ukifika juu unaporomoka kama kingo ya mto. La kushoto nalo linaporomoka, ila halijafika chini. Mtaalamu akamuuliza alikuwa anafanya kazi gani. Babu akasema, "Korona." Mtaalamu kijana akashangaa, akaanza kuandika mambo ya Covid. Ikabidi niingilie.

Amesema kifaa cha kusikia kitamsaidia kwa maneno ya watu, na kwamba kisichelewe, maana ubongo nao unasahau sauti usizoisikia. Bei ya kifaa kizuri imezidi nilizobakiza. Mjomba wa Korogwe ametoa, mama ametoa, mimi mwezi huu nina kwaya mbili za kurekodi, moja Ubungo na nyingine Kimara. Tumebakiza laki na ushee. Kama kuna mdau mwenye kwaya inayotaka kurekodiwa, mnanijua ninapopatikana, bei maelewano.

Siku ya mwisho kabla sijarudi chuo nilimwekea Haleluya ya Handel, mono, kikomo kikiwa pale pale. Tulikuwa barazani, watu wanapita kutoka kisimani. Ilipofika zamu ya besi babu akaingia, kwa sauti yote, kwa solfa, akiwa hajisikii anavyopaza. Watoto wa jirani wakasimama kutazama. Katikati akainua mkono nisimamishe.

"Hawa besi wanachelewa kuingia," akasema. "Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Mara nne. Hawakuchelewa, wadau, nimehesabu mapigo mwenyewe, lakini yeye ameshikilia kwamba kwaya yao ya zamani iliingia mapema zaidi, na anataka nimtafutie rekodi ya watu wanaojua kuhesabu.